Umepewa tanjenti, unaulizwa saini: namna ya kupata uwiano mmoja kutoka kwa mwenzake

Ujumbe huingia saa nne usiku, pamoja na picha ya daftari iliyopigwa gizani: "Ticha shikamoo. Nimepewa tan, naulizwa sin. Pembe hawajanipa. Naanzia wapi?"

Nafundisha tuisheni hapa Mwanga, Kigoma. Swali hilo nimelijibu kwa chaki, kwa sauti ya simu, na mara moja kwa kijiti mchangani pale Kibirizi nikisubiri boti. Leo naliandika lote, ili likija tena nitume huu mwongozo nikalale.

Jibu fupi ni kwamba pembe huihitaji. Unachohitaji ni pembetatu, na hiyo unaichora mwenyewe.

Kama uko kidato cha pili na ndiyo kwanza unakutana na mada hii, fuata hatua ya 1 hadi ya 6, ruka ya 7, malizia na ya 8. Wa kidato cha nne wasome zote, kwa sababu wengi wanaoniandikia wanaijua pembetatu vizuri sana ila alama ya kutoa ndiyo inayowamaliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi, penseli na kifutio. Rula si lazima. Mchoro wa mkono unatosha, mradi pembe mraba ionekane.
- Vipeo vya pili vya namba 1 hadi 25, yaani kila namba mara yenyewe. Viandike kwenye kipande cha boksi, ukibandike mahali unapokaa kusomea. Ndani ya wiki mbili utakuwa hukitazami tena.
- Familia nne za pembetatu mraba: 3-4-5, 5-12-13, 8-15-17 na 7-24-25. Watunga mitihani wanazipenda kwa sababu hazitoi vipeuo vibaya. Ukizijua, nusu ya maswali unamaliza bila hesabu.
- SOTOCA HAH. Andika SO TO CA, chini yake H A H, kila kipande na herufi yake. S (saini, au sin) ni O juu ya H, T (tanjenti, au tan) ni O juu ya A, C (kosaini, au cos) ni A juu ya H. O ni upande unaotazamana na pembe yako, A ni upande uliolala jirani na pembe hiyo, H ni hipotenusi, yaani upande mrefu unaotazamana na pembe mraba.
- Kikokotoo kiweke mbali. Hata ukiruhusiwa kuwa nacho, kitakuletea desimali ndefu mahali ambapo umetakiwa sehemu.

Kuna mtoto aliwahi kuniuliza kama saini hii ina uhusiano na kusaini fomu. Haina. Asili yake ni neno la Kisanskriti, jya, lenye maana ya upote wa upinde. Waarabu walilichukua wakaliandika jiba, baadaye likasomwa jayb, neno la mfuko au la sehemu ya nguo kifuani, na wafasiri wa Kilatini wakaweka sinus, neno lao la maana hiyohiyo. Kwa hiyo ukisahau saini ni kitu gani, kumbuka upote: ni upande uliosimama ukiitazama pembe. Tuendelee.

Hatua ya 1: Geuza ulichopewa kiwe sehemu

Uwiano wowote unaweza kuandikwa kama namba moja juu ya nyingine. Wakikupa cos A = 0.6, andika 6/10, kisha 3/5. (A inayofuata sin, cos au tan ni jina la pembe, si ule upande A.) Wakikupa 0.28, hiyo ni 28/100, rahisisha iwe 7/25. Wakikupa tan A = 2, watu wanaganda, "Ticha, mbona ni namba moja tu?" Weka 1 chini yake. Ni 2/1.

Kuna maswali yanayokuja yamejificha, kama 5 tan A = 12. Gawanya pande zote kwa 5, unapata tan A = 12/5.

*Angalizo:* hapo wengi huandika 5/12, kwa sababu 5 ndiyo ilitangulia kuonekana. Namba iliyoshikamana na tan ndiyo inayokwenda chini.

Hatua ya 2: Chora pembetatu mraba, kisha weka pembe yako

Chora, weka kialama cha mraba kwenye kona moja, kisha andika jina la pembe yako kwenye mojawapo ya kona mbili zilizobaki. Usiliandike kwenye kona ya mraba. Kona hiyo ni ya nyuzi 90 na haiwezi kuwa pembe unayoitafuta.

Sasa simama kwenye pembe yako kwa mawazo, uangalie. Upande ulio mbele yako, usiougusa, ni O. Upande mrefu ni H. Uliobaki ni A. Ukihamia pembe nyingine, O na A hubadilishana majina, H haihami. Ndiyo maana saini ya pembe moja ni sawa na kosaini ya mwenzake, kwamba sin A = cos (90 − A). Hilo huna haja ya kulikariri, ni pembetatu moja imetazamwa kutoka kona mbili.

Hatua ya 3: Weka namba mbili kwenye pande mbili

Tumia SOTOCA HAH kujua namba gani inakwenda wapi. Kwa sin A = 8/17, andika 8 kwenye O na 17 kwenye H. Kwa tan A = 8/15, andika 8 kwenye O na 15 kwenye A.

Hapa ndipo swali la pili maarufu linapozuka: "Umejuaje upande huo ni 8? Swali halijasema sentimita wala mita." Sijui, na sihitaji kujua. Nitakueleza nilichokiona kiwanjani, kwa sababu kilinifundishia darasa zima vizuri kuliko ubao wangu.

Kuna fundi alikuwa anapiga msingi wa nyumba huko Gungu. Alipigilia kigingi kwenye kona, akafunga kamba mbili. Kamba ya kwanza akapima mita 3, akaweka alama ya chaki. Ya pili akapima mita 4, akaweka alama. Kisha msaidizi wake akawa anaisogeza kamba ya pili, kulia kidogo, kushoto kidogo, "rudi, rudi, basi!", mpaka utepe uliovutwa kati ya alama zile mbili ukasoma mita 5 kamili. Kona ikawa ya mraba. Baadaye akahamia kwenye msingi wa choo ambako nafasi ilikuwa finyu. Mita 3 zisingeenea. Akapima sentimita 60, 80 na 100. Kona ileile, na pembe mbili nyingine zilezile.

3/5 na 60/100 ni uwiano mmoja. Pembetatu ya nyumba na pembetatu ya choo zina umbo moja, zimepishana ukubwa tu, na uwiano haujali ukubwa. Kwa hiyo unapoandika 8 na 17 unachagua pembetatu moja iliyo rahisi kati ya nyingi zenye umbo hilo. Ungechagua 16 na 34 jibu lingekuwa lilelile, ila ungejichosha.

*Angalizo kubwa kuliko yote:* nilipokuwa kidato cha pili tulipewa tan A = 3/4, tutafute sin A na cos A. Nilikuwa nimejifunza kuwa tanjenti ni saini ikigawanywa kwa kosaini. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: sin A = 3, cos A = 4. Mwalimu alizungushia duara jekundu, hakuandika neno. Ilinichukua muhula mzima kuelewa duara lile. Ni kweli saini gawanya kwa kosaini ni 3/4, lakini hizo mbili zenyewe ni 3/5 na 4/5. Ukizigawanya, 5 ya juu na 5 ya chini zinakatana, zinapotea. Hipotenusi ilikuwepo, ikafutika wakati wa kugawanya. Kazi yako ukipewa tanjenti ni kwenda kuirudisha, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tafuta upande wa tatu

Kanuni ya Pythagoras: H² = O² + A².

- Kama H ndiyo haipo (umepewa tanjenti), *jumlisha* vipeo vya pili vya pande mbili, kisha tafuta kipeuo.
- Kama O au A ndiyo haipo (umepewa saini au kosaini), *toa* kwenye kipeo cha pili cha H, kisha tafuta kipeuo.

Kwa sin A = 8/17: 289 − 64 = 225, na kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Basi upande A ni 15. Mwenye familia nne kichwani ameshaandika 15 kabla sijamaliza sentensi.

Kwa tan A = 2/1: 4 + 1 = 5, basi H ni √5. Iache hivyohivyo. Usikimbilie kuandika 2.236.

*Angalizo:* wanaokosea hapa hawakosei kutoa wala kujumlisha, wanakosea kuchagua. Kabla hujaandika chochote jiulize kama H ipo mkononi au haipo. Na ukishapata kipeo cha pili usisahau kutafuta kipeuo. Nimeona madaftari yenye upande wa 225.

Hatua ya 5: Soma jibu kwenye mchoro

Pande tatu zote sasa zina namba. Rudi kwenye SOTOCA HAH uchukue unachoulizwa. Kwa mfano wetu wa 8-15-17: cos A = 15/17, tan A = 8/15. Hakuna kingine cha kufanya.

Hatua ya 6: Ondoa kipeuo kwenye asili

Hii ni kwa majibu yenye kipeuo chini ya mstari. Kwa tan A = 2, sin A = 2/√5. Zidisha juu na chini kwa √5, unapata 2√5/5. Thamani ni moja, lakini vitabu vingi na majedwali ya kusahihishia huandika hiyo ya pili.

Mfano mmoja mzima, kutoka kwenye paa

Nauweka hapa kabla ya kuingia kwenye hasi, kwa sababu ni mfano ninaoupenda na unaonyesha kwa nini mtu angetaka uwiano mmoja kutoka kwa mwingine nje ya chumba cha mtihani.

Fundi wa kenchi hapimi pembe ya paa kwa nyuzi. Anasema "kila sentimita 120 za mlalo, paa linapanda 50." Hiyo ni tanjenti: 50/120, ikirahisishwa 5/12. Anachotaka kujua dukani ni urefu wa mbao ya mshazari, ile ambayo bati litakaa juu yake. Mlalo anao, tuseme sentimita 360 kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba. Mlalo na mshazari ni A na H, kwa hiyo anahitaji kosaini, wakati alichonacho ni tanjenti.

Chora. O ni 5, A ni 12. H haipo, basi jumlisha: 25 + 144 = 169. Kipeuo ni 13. Kosaini ni 12/13, saini ni 5/13.

Mlalo ni mshazari mara kosaini, kwa hiyo mshazari ni 360 gawanya kwa 12/13, yaani 360 × 13/12, sentimita 390. Mbao ya mita 3 na sentimita 90, bila kuhesabu ile inayotokeza nje kwa ajili ya mvua. Pembe yenyewe hatukuigusa mahali popote. Ukiniuliza sasa hivi ni nyuzi ngapi itabidi nifungue majedwali ya hisabati.

Hatua ya 7: Alama ya hasi (kidato cha nne)

Pembe ikizidi nyuzi 90, pembetatu inahesabiwa ndani ya robo nne za duara, na pande za O na A zinaweza kuwa hasi. H haiwi hasi kamwe. Ingawa nimeiweka namba 7, fanya hatua hii mapema, mara tu ukishachora. Ukiiacha mwisho utaisahau, kama wanavyoisahau wengine.

Wengi hukariri sentensi ya kuwakumbusha herufi za robo. Mimi nawaambia watoto wa Kigoma wasimame hapa Mwanga waelekee kaskazini. Kushoto kwako ni ziwa. Kulia ni bara, reli ya kwenda Uvinza. Mbele, juu ya ramani, ni Gombe. Nyuma, chini ya ramani, ni Mahale. Kulia na juu ni chanya. Kushoto na chini ni hasi. A ni ya kulia na kushoto, O ni ya juu na chini.

- Robo ya kwanza (0 hadi 90), kulia na juu: O chanya, A chanya. Zote tatu ni chanya.
- Robo ya pili (90 hadi 180), majini upande wa Gombe: A hasi, O chanya. Saini pekee ndiyo chanya.
- Robo ya tatu (180 hadi 270), majini upande wa Mahale: A hasi, O hasi. Tanjenti pekee ndiyo chanya, maana hasi mbili zinagawanyana.
- Robo ya nne (270 hadi 360), bara upande wa kusini: A chanya, O hasi. Kosaini pekee ndiyo chanya.

Mfano. Sin θ = 3/5, na θ iko kati ya nyuzi 90 na 180. Pembetatu ni 3-4-5, lakini tuko majini upande wa Gombe, basi A ni −4. Cos θ = −4/5, tan θ = −3/4. Kazi imekwisha.

Mfano mwingine, ambao hawakutajii robo waziwazi: tan θ = 8/15 na cos θ ni hasi. Tanjenti ni chanya, kwa hiyo ni robo ya kwanza au ya tatu. Kosaini ni hasi, basi ya kwanza imeondoka. Robo ya tatu: O ni −8, A ni −15, H ni 17. Sin θ = −8/17 na cos θ = −15/17.

*Angalizo:* ukipewa tan θ = −5/12, usiiweke hasi hiyo mahali popote unapojisikia. Robo ya pili inaipeleka kwa A, ya nne inaipeleka kwa O. Na usiiweke kwenye H hata siku moja.

*Angalizo jingine:* swali likisema tu "cos θ = 7/25, tafuta sin θ", bila kutaja pembe kali (iliyo chini ya nyuzi 90) wala robo, majibu ni mawili, 24/25 na −24/25. Kidato cha pili chukulia ni pembe kali. Kidato cha nne andika yote mawili, ueleze kila moja ni la robo ipi.

Hatua ya 8: Hakiki kwa nusu dakika

Kwanza, saini na kosaini hazizidi 1 wala hazishuki chini ya −1. Fikiria ngazi ya mita 5 iliyoegemezwa ukutani. Haiwezi kufika mita 6 juu, uiweke vyovyote. Urefu wa ukuta inapogusa ni O, ngazi yenyewe ni H. Tanjenti haina mpaka huo, inaweza kuwa 2, inaweza kuwa 100.

Pili, chukua saini na kosaini ulizopata, zipandishe kipeo cha pili, zijumlishe. Lazima ipatikane 1. Kwa 8-15-17: 64/289 + 225/289 = 289/289. Sawa.

Tatu, gawanya saini kwa kosaini uone kama tanjenti inarudi, pamoja na alama yake.

Wakikupa herufi badala ya namba

Sin A = p, A ni pembe kali. Tafuta tan A. Hapa darasa huwa kimya. Lakini ni hatua zilezile: p ni p/1, basi O ni p, H ni 1, A ni √(1 − p²). Tanjenti ni p/√(1 − p²). Wapo walimu wanaopenda kuanzia kwenye sin² A + cos² A = 1 moja kwa moja, na jibu ni hilohilo. Mimi bado nachora, kwa sababu mchoro unanionyesha nilipokosea na mlinganyo haunionyeshi.

*Angalizo:* √(1 − p²) si 1 − p. Jaribu p = 0.6. Ya kwanza ni kipeuo cha 0.64, yaani 0.8. Ya pili ni 0.4. Hazikaribiani hata.

Swali refu lenye njia fupi

Tan A = 3/4, A ni pembe kali. Tafuta (sin A + cos A) / (sin A − cos A).

Njia ndefu: pembetatu ni 3-4-5. Juu 3/5 + 4/5 = 7/5. Chini 3/5 − 4/5 = −1/5. Jibu −7.

Njia fupi: gawanya kila kipande, juu na chini, kwa cos A. Sin A ikigawanywa kwa cos A ni tan A, na cos A kwa cos A ni 1. Inabaki (tan A + 1) / (tan A − 1), yaani 7/4 gawanya kwa −1/4, −7. Hipotenusi hukuihitaji. Na hapa hasi isikutishe: pembe ni kali, lakini kilichotafutwa ni tofauti ya namba mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Mambo yakienda mrama

*Napata kipeuo cha pili cha namba hasi.* Umeweka H kwenye mguu wa pembetatu, au umetoa kinyumenyume. H² ndiyo inayotangulia. Kama namba ya H kwenye mchoro wako si kubwa kuliko nyingine zote, rudi hatua ya 3.

*Upande wa tatu haukutoka namba nzima, nadhani nimekosea.* Si lazima. Kwa 4 sin A = 3, pembe ikiwa kali, upande A ni √7, cos A = √7/4 na tan A = 3√7/7. Swali halina kosa na wewe huna kosa.

*Nilipewa sin A = 3/5, nimetafuta pembe kwenye majedwali, nikapata nyuzi 36 dakika 52, kisha nikasoma kosaini yake.* Utakuwa umepata 0.8000 au karibu nayo, na ukiwa na bahati utaitambua kuwa ni 4/5. Kwa 15/17 bahati hiyo huna, majedwali yatakupa 0.88 na nukta zake, na swali lilitaka sehemu. Rudi kwenye mchoro.

*Kikokotoo cha kaka kinanipa jibu la ajabu kabisa.* Angalia kama kimewekwa kwenye nyuzi au kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Pia kile kitufe cha sin chenye −1 juu yake kinatafuta pembe. Hakimaanishi 1 gawanya kwa saini.

*Nimepewa sin A = 1, tanjenti inakataa.* Inapaswa kukataa. Upande A umekuwa sifuri, pembe ni nyuzi 90, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Andika kwamba tan A haipo, usonge mbele.

*Kila kitu ni sahihi ila nimekosa alama moja.* Hasi. Karibu kila mara ni hasi.

Manne ya kujipima

1. Cos A = 20/29, A ni pembe kali. Tafuta tan A.
2. Tan B = 3, B ni pembe kali. Tafuta sin B.
3. 13 sin C = 12, na C iko kati ya nyuzi 90 na 180. Tafuta tan C.
4. Tan D = 2. Tafuta (3 sin D − cos D) / (sin D + 2 cos D).

Majibu: la kwanza 21/20, la pili 3√10/10, la tatu −12/5, la nne 5/4. Ukilipata la nne bila kuandika √5 hata mara moja, nitumie picha ya daftari, hata kama ni saa nne usiku.